Simu haitoi picha kwenye TV: dalili moja moja, sababu zake na la kufanya

Mama mmoja alifika kwenye meza yangu ya ufundi hapa Ngamiani, Tanga, akaweka kikapu juu ya kaunta. Akatoa adapta tatu, waya wa HDMI (ule unaopeleka picha na sauti kwenye TV) ambao bado ulikuwa na kamba yake ya dukani, rimoti ya TV, na mwisho simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii ya tatu sasa nanunua, na TV inaandika yale yale."

Alitaka kutazama video ya harusi ya binti yake kwenye TV ya sebuleni, wajukuu wakiwepo. Nilizipima adapta zake kwa simu yangu ya majaribio, moja baada ya nyingine, na zote zikatoa picha. Waya ulikuwa mzima. TV, kwa maelezo yake, ilikuwa inapokea king'amuzi kwenye tundu lile lile la HDMI bila shida. Simu nayo ilikuwa nzima kabisa, ila haikutengenezwa kutoa picha kwa waya. Alikuwa ametoa hela mara tatu kutibu kisichoumwa.

Wateja wa namna hii ninao kila wiki, na inaniuma kila mara, kwa sababu swali moja kabla ya kununua lingewaokoa. Kwa hiyo tuanze na swali hilo, dalili zitafuata.

## Kwanza kabisa: simu yako inatoa picha?

Picha inatoka ndani ya simu. Adapta huibadilisha tu iingie kwenye HDMI, na waya huifikisha kwenye TV. Simu isipoitoa, hata adapta ya bei mbaya haitakusaidia, isipokuwa aina moja nitakayoieleza chini. Tazama tundu la chaji.

Lightning. Hizi ni iPhone 5 ya mwaka 2012 mpaka iPhone 14. Zote zinatoa picha ukitumia adapta ya Lightning kwenda HDMI.

USB-C kwenye iPhone. Kuanzia iPhone 15 ya 2023, adapta ya kawaida ya USB-C kwenda HDMI inatosha.

USB-C kwenye Android. Hapa ndipo watu wanapoumia. Umbo la tundu halikuambii lolote. USB-C ina pini 24, na kila mtengenezaji anaamua zipi aziunganishe na nini. Ili picha itoke, simu lazima iwe na uwezo unaoitwa DisplayPort Alt Mode. Samsung Galaxy S8 ya 2017 na mfululizo wa S uliofuata wanao, pamoja na Note 8 na wadogo zake. Huawei Mate 10, P20 na P30 wanao, lakini usizichanganye na zile zenye jina Lite. OnePlus 7 anao. Google Pixel 8 ilitoka bila uwezo huo kufunguliwa, ukafunguliwa kwa sasisho la Juni 2024. Upande wa pili, karibu Galaxy A zote, Tecno Spark, Infinix Hot, itel na Redmi za kawaida hazina. Hizo ndizo simu zilizo mikononi mwa wengi wetu, na ndiyo sababu adapta nyingi zinarudishwa dukani bila kosa lolote.

Namna ya kuhakikisha: ingia mtandaoni, andika jina kamili la simu yako kama lilivyo kwenye Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu, kisha fungua ukurasa wa sifa zake na utafute neno DisplayPort kwenye mstari wa USB. Ukikuta "USB Type-C 2.0" peke yake kwenye Android, mara nyingi jibu ni hapana. iPhone 15 ya kawaida inavunja kanuni hii: data yake ni ya kasi ya USB 2.0 lakini picha inatoa.

Micro-USB, lile tundu jembamba la zamani. Galaxy S3, S4, Note 2, Note 3 na Sony Xperia Z kadhaa zilitumia mfumo wa MHL. Nexus 4, Nexus 5 na LG G2 zilitumia SlimPort. Adapta ya huku haifanyi kazi kule, ingawa zinaingia kwenye tundu vizuri kabisa. Galaxy S3 nayo ilibadilisha mpangilio wa pini, kwa hiyo adapta ya Galaxy S2 haiikubali bila kipande cha kati. Samsung wakaiacha MHL walipotoa S6 mwaka 2015.

Ukigundua simu yako haitoi picha, usinunue adapta nyingine. Zipo njia tatu, na naziweka kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe ningezifuata.

Ya kwanza ni flashi. Video ya harusi ya yule mama niliihamishia kwenye flashi kwa kiunganishi cha OTG, kile kinachoruhusu flashi kuchomekwa kwenye simu, akaenda kuichomeka kwenye tundu la USB la TV yake. Akapiga simu jioni ile, nyuma yake nikisikia vigelegele vya kwenye video. Flashi iwe na mfumo wa FAT32 ili TV nyingi ziisome, na ujue kwamba FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4.

Ya pili ni kurusha skrini bila waya, kama TV yako ni janja.

Ya tatu ndiyo ile aina niliyoiahidi: adapta zenye chipu ya DisplayLink. Hizi hazisubiri picha itoke kwenye tundu. Programu ya DisplayLink Presenter inanasa kilicho kwenye kioo cha simu na kukipeleka kama data ya kawaida ya USB. Kwa picha, barua na mafunzo ya darasani zinafaa. Kwa mpira hazifai sana, kwa sababu picha huchelewa, na filamu za kulipia hazitoi kabisa. Kuna nyaya nyingine sokoni zinazokutaka uskani msimbo wa QR ili upakue programu. Msimbo ukikupeleka kupakua faili nje ya Play Store, urudishe waya dukani. Programu hiyo itaona kila kitu kilicho kwenye kioo chako, pamoja na namba ya siri ya pesa za simu unapoiandika.

## Dalili: TV inaandika "No Signal" au inabaki nyeusi

Sababu kubwa kuliko zote tumeshaimaliza hapo juu. Kama una hakika simu inatoa picha, endelea hivi, ukianza na yasiyogharimu kitu.

1. TV iko kwenye ingizo lingine. Bonyeza Source au Input kwenye rimoti, chagua HDMI yenye namba ile ile iliyoandikwa kando ya tundu ulilochomeka. Usikisie. Geuka nyuma ya TV ukasome. HDMI 1 na HDMI 2 zinapishana sentimita mbili tu.

2. Kava la simu. Kava nene huzuia kichwa cha adapta kisizame hadi mwisho. Chaji itapita, picha haitapita. Vua kava, sukuma mpaka usikie imekaa.

3. Mpangilio wa kuchomeka. Chomoa vyote. Anza na chaja kwenye adapta kama ina tundu la chaji, kisha HDMI kwenye TV, washa TV, simu iwe ya mwisho, kioo kikiwa kimefunguliwa. Adapta nyingi za bei ndogo zinaamka vibaya zikichomekwa kinyume.

4. Adapta haina umeme. Adapta za MHL zinahitaji chaja. Adapta ya Lightning ya Apple yenyewe inaweza kufanya kazi bila chaja, lakini zile za kuiga karibu zote haziwaki mpaka uchomeke umeme ubavuni. Watu wengi huchukua umeme huo kwenye tundu la USB la TV, ambalo mara nyingi hutoa nusu ampea tu. Tumia chaja ya ukutani.

5. Simu inakuuliza na hujajibu. Adapta za kuiga za iPhone huleta swali la Trust kwenye kioo. Likubali, weka namba ya siri, subiri kidogo. Samsung nayo inaweza kukuuliza kama unataka DeX, yaani TV ionekane kama kompyuta, au kuakisi skrini.

6. Tundu la simu limejaa uchafu. Washa tochi uchungulie. Pamba za mfukoni hukandamizwa pale chini mwaka mzima mpaka zinakuwa kama zulia. Zima simu, tumia kijiti cha meno cha mbao, kokoa taratibu ukielekea nje. Usitumie sindano wala pini ya nywele, kwa sababu ulimi wa katikati wa USB-C ni mwembamba na ukivunjika huo ni kazi ya kubadilisha tundu zima.

7. Waya wenyewe. Upime kwa king'amuzi: chomoa waya wa king'amuzi, weka huu mpya. Ukitoa picha, waya ni mzima na tundu la TV ni zima, na umeua ndege wawili kwa jiwe moja.

8. Ulichonunua si adapta. Kuna waya unaouzwa wenye kichwa cha USB kubwa upande mmoja na HDMI upande wa pili, hauna kiboksi chochote katikati wala uvimbe kwenye kichwa. Ndani hamna chipu, ni shaba tupu. Hautatoa picha kwenye simu yoyote. Vivyo hivyo waya wa USB-C kwa USB-C uliokuja na chaja: nyingi zimetengenezwa kwa chaji na data ya USB 2.0 pekee, hazina njia za kupitisha picha.

Ukifika hapa bila mafanikio, azima simu ya jirani inayojulikana kutoa picha. Ikitoa, tatizo liko kwenye tundu la simu yako na ni la fundi. Isipotoa na waya umeshaupima, adapta ndiyo mbovu.

## Dalili: simu inachaji tu, TV haionyeshi kitu

Karibu kila mara waya uko kwenye tundu la USB la TV badala ya HDMI. Tundu lile ni la kusoma flashi na kutoa umeme kidogo. Halipokei picha hai. Android za zamani sana zilikuwa zinajifanya flashi zikichomekwa, ndiyo maana kuna watu wanaapa kwamba waliwahi kuona picha zao kwa njia hiyo, na wanasema kweli. Simu za leo hutumia mfumo wa MTP na TV nyingi hazijui kuusoma. Shusha orodha ya arifa kwenye simu, gusa arifa ya USB, chagua kuhamisha faili. Ikikubali, bahati yako. Isipokubali, rudi kwenye flashi.

## Dalili: TV ya chogo au TV yenye matundu matatu ya rangi haipokei

TV za chogo bado zipo nyumbani kwa watu na bado zina kazi. Hazina HDMI, kwa hiyo unahitaji adapta mbili zikifuatana: simu kwenda HDMI, halafu HDMI kwenda AV, yaani zile nyaya za njano, nyeupe na nyekundu.

Kosa la kwanza kwa wingi ni kununua kiboksi kinachokwenda kinyume. Vinafanana kama mapacha: kimoja kimeandikwa HDMI2AV, kingine AV2HDMI. Unachotaka ni HDMI2AV. Kile kingine ni cha kuunganisha deki ya zamani kwenye TV mpya. Hakuna namna ya kukigeuza, hata ukibadilisha nyaya upande kwa upande.

La pili ni umeme. Kiboksi hiki kina tundu dogo la USB ubavuni na lazima lipate volti 5. Taa yake isipowaka, usitafute tatizo kwingine.

La tatu ni rangi. Picha ikija bila rangi, au ikipanda na kushuka, tazama swichi ndogo iliyoandikwa PAL na NTSC, isogeze upande wa PAL. Ikibaki nyeusi na nyeupe kwenye TV bapa, huenda waya wa njano umeingia tundu la kijani ambalo linatumiwa kwa pamoja na AV na Component, njia nyingine ya kupitisha picha kwa nyaya tatu. Tundu ni sahihi, ila TV inadhani ni Component. Chagua AV kwenye Source.

Na usitegemee maandishi kusomeka. TV hizi zinaonyesha mistari 576 tu, wakati simu inatuma 1080. Nyuso na mpira utaviona vizuri, ujumbe wa WhatsApp hutausoma. Hilo si ubovu wa kutengeneza.

## Dalili: picha inakuja na kukatika

Siku za mechi kubwa ndipo hii inaniletea foleni. Agosti 2025, CHAN ilipochezwa hapa kwetu, Kenya na Uganda, watu walikuwa wanafika wakihema dakika ishirini kabla ya mpira.

Anza na umeme, ndio unaoongoza. Dalili yake: picha inakaa dakika chache, inazima, inarudi, na hali inazidi chaji ya simu inaposhuka. Toa adapta kwenye USB ya TV, iweke kwenye chaja ya ukutani yenye ampea 2 au zaidi. Kama adapta yako inapitisha chaji, kumbuka yenyewe inakula sehemu ya umeme huo kabla simu haijapata.

Kama inakatika ukigusa simu, ni mguso wa kichwa: uchafu, kava, au tundu lililolegea. Laza simu kwenye meza, usiiache ikining'inia kwa uzito wa adapta. Nimebadilisha matundu mengi ya USB-C yaliyoharibiwa na simu kuning'inizwa nyuma ya TV usiku mzima.

Kama inakatika bila kuguswa na umeme uko sawa, tazama urefu wa waya. HDMI ya kawaida ikivuka mita 5 inaweza kuanza kuleta vidoti vinavyometameta, kisha weusi. Jaribu waya mfupi wa mita moja na nusu. Kama TV ni ya 4K, shusha ubora wa picha kwenye simu hadi 1080. Waya mchovu unaoshindwa 4K mara nyingi hubeba 1080 bila kulalamika.

Kama picha inaganda lakini haizimi, na unatazama mtandaoni, adapta haina kosa. Tazama bando lako.

## Dalili: picha ipo, sauti hakuna

Mara nyingi sauti imekwenda mahali pengine. Spika ya Bluetooth au sabufa iliyounganishwa jana inaweza kuidaka sauti yote huku iko chumba cha pili. Zima Bluetooth ya simu kwanza. Kisha pandisha sauti ya media kwenye simu pamoja na ya TV, kwa sababu baadhi ya adapta zinafuata zote mbili.

Halafu ingia kwenye menyu ya sauti ya TV. Kama kuna mtu aliwahi kuunganisha sabufa kwa waya wa optical, huenda TV imebaki imeelekezwa huko. Rudisha kwenye TV Speaker. Sauti ikiwepo kwenye video za kawaida lakini ikakosekana kwenye filamu fulani tu, tafuta kwenye menyu hiyo hiyo neno PCM ulichague.

Kwenye Android, kama uliwahi kufungua Chaguo za wasanidi, kuna kipengele cha kuzima uelekezaji wa sauti ya USB. Hakikisha hakijawashwa.

Ukitumia adapta ya VGA, ile ya tundu la skrini za kompyuta za zamani, sauti haipiti kwenye VGA hata siku moja. Toa sauti kwenye tundu dogo la spika la adapta, kama inalo.

## Dalili: menyu zinaonekana vizuri, filamu ikianza tu kioo kinakuwa cheusi

Hii huwachanganya watu, maana simu inaonekana, picha za familia zinaonekana, YouTube inaonekana, ila ukifungua Netflix unasikia sauti kwenye giza. Hakuna kilichoharibika. Filamu za kulipia zinalindwa kwa mfumo wa HDCP. Kabla filamu haijaanza, kila kifaa katika mnyororo kinatakiwa kujitambulisha: simu, adapta, TV. Mmoja akishindwa kujibu, picha inafungwa. Adapta nyingi za kuiga za Lightning hazijui kujibu. DisplayLink pia haipitishi.

Tiba ni kutumia adapta inayotaja HDCP kwenye kifungashio, na kuondoa kigawanya-HDMI kama kipo katikati. Tazama pia kifurushi chako: kile cha Netflix cha simu pekee ni cha simu na tableti, hakikuruhusu kutazama kwenye TV. Na mtu akikuambia atakufanyia "flash" ya simu, yaani kuifuta na kuiwekea programu upya, ili tatizo hili liishe, mwambie asante, chukua simu yako.

## Dalili: picha ni nyembamba katikati, imekatwa pembeni, au TV inaonyesha kitu kingine

Nyembamba katikati: simu imesimama wima. Washa mzunguko wa kiotomatiki, ilaze. Imekatwa pembeni: ni TV inayokuza picha. Kwenye menyu ya picha tafuta Just Scan, Screen Fit au 1:1. TV inaonyesha kitu kama kompyuta: hiyo ni DeX ya Samsung au hali ya kompyuta ya Huawei. Shusha arifa za simu, chagua kuakisi skrini. Mzee mmoja aliniletea simu akidhani imeingiliwa na virusi, kumbe DeX tu. Tulipomaliza akaniomba nimrudishie vile vile ilivyokuwa, maana aliipenda.

## Dalili: simu inapata moto, au inaleta alama ya tone la maji

Joto kidogo ni la kawaida, kwa sababu simu inatoa picha, inachaji na kupokea intaneti kwa wakati mmoja. Vua kava, iweke kwenye meza tupu, si juu ya kochi wala juu ya TV yenyewe. Ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, chomoa chaja kwanza, subiri ipoe.

Alama ya tone inamaanisha simu imehisi unyevu kwenye tundu. Sisi wa pwani tunaijua: hewa ya Tanga, Unguja au Mombasa ina chumvi, na tundu lililoachwa wazi hupata ukungu mwembamba wa kijani kwenye pini. Usichomeke kitu. Zima simu, iache mahali penye upepo kwa saa kadhaa tundu likitazama chini. Usiitie kwenye mchele, vumbi lake linabaki ndani, na usiipulizie kikausha nywele. Ukiona ukijani au weusi kwenye pini, mpe fundi asafishe kwa spiriti safi ya isopropili na brashi. Ukilazimisha chaji pale, pini zinaliwa, na utakuja kutafuta tundu jipya.

## Acha hapo hapo, ita fundi

Katika hali zifuatazo nakuomba usijaribu kitu kingine.

Unapigwa shoti ukigusa kichwa cha HDMI. Kutekenywa kidogo hutokea kwa TV zenye plagi ya pini mbili, kwa sababu kichujio cha umeme ndani yake huifanya bodi ielee karibu nusu ya volti 230 za ukutani, kwa mkondo mdogo sana. Mkondo huo haukuumizi sana, lakini unaweza kuua chipu ya tundu la simu. Zoea kuchomoa TV ukutani kabla ya kuchomeka HDMI. Kama shoti ni kali, au unaisikia hata kwenye fremu ya TV, zima kwenye swichi kubwa na umwite fundi umeme aangalie waya wa ethi wa nyumba. Hilo si tatizo la simu tena, na watoto wanagusa TV hiyo hiyo.

Harufu ya plastiki inayoungua, au adapta imebadilika rangi. Zima kwanza ukutani, ndipo ushike waya.

Mgongo wa simu umeinuka au kioo kinaachia pembeni. Betri imevimba. Usiichaji, usiibonyeze irudi, usiiunganishe na chochote.

Matundu yote ya HDMI yamekufa kwa pamoja baada ya radi. Ni bodi ya TV. Kipindi cha masika, mvua ikianza kunguruma, chomoa waya wa antena pamoja na wa umeme.

TV ya chogo inahitaji kufunguliwa. Usifungue kifuniko cha nyuma, hata kama imezimwa tangu jana. Bomba la picha hufanya kazi kwa volti zaidi ya 20,000 na hubaki na chaji baada ya kuchomolewa. Hata sisi tunaitoa chaji hiyo kwanza kwa waya wa ardhi kabla ya kuingiza mkono.

Ukienda kwa fundi, beba simu, chaja unayoitumia nyumbani, adapta na nyaya zote hata zile unazodhani ni mbovu, na piga picha ya kibandiko kilicho nyuma ya TV chenye namba ya modeli, pamoja na matundu yake yote. Picha hiyo moja humwokoa fundi safari ya kuja kwako, na wewe nauli yake.